Rekodi ya machapisho na fahirisi h: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Msimu wa kupandishana vyeo ukikaribia, dawati la maktaba hujaa wahadhiri wenye maswali yale yale. Majibu yafuatayo yanawalenga wao, pamoja na wanafunzi wa uzamivu wanaoanza kuandaa wasifu wao. Mimi ni mkutubi, si mjumbe wa kamati ya vyeo. Nilipotoa maoni, ni yangu mwenyewe.

Fahirisi h inahesabiwaje?

Fahirisi h ni namba moja inayojumlisha wingi wa makala zako na jinsi zinavyorejelewa, yaani kutajwa katika kazi nyingine za kitaaluma. Panga makala zako kuanzia iliyorejelewa na wengine mara nyingi zaidi, ushuke hadi isiyorejelewa kabisa, kisha zipe namba. Namba ya mwisho ambayo haijazidi marejeleo ya makala iliyo kwenye mstari huo ndiyo h yako. Tuseme una makala nane, na zimerejelewa mara 40, 22, 9, 6, 5, 3, 1 na 0. Makala ya tano ina marejeleo 5, imepita. Ya sita ina 3, imekwama. Basi h yako ni 5.

Sasa ile makala ya kwanza, badala ya 40, ipe marejeleo 4,000. h inabaki 5. Watu wengi hawaamini mpaka wahesabu wenyewe kwa kalamu. Kipimo hiki kinampendelea mwenye kazi nyingi zinazorejelewa kwa wastani, kuliko mwenye kazi moja iliyovuma. Aliyekibuni, mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alikichapisha mwaka 2005 akitaka namba moja ambayo makala moja yenye bahati haiwezi kuivuruga. Hilo alilipata. Miaka 15 baadaye yeye mwenyewe aliandika kwamba kipimo chake kinaweza kufeli vibaya na kuleta madhara ambayo hakuyakusudia.

Ile i10 unayoiona Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta kazi za kitaaluma, ni rahisi zaidi: ni idadi ya makala zako zilizorejelewa angalau mara 10. Katika mfano wetu ni 2.

Mbona Google Scholar inanipa h kubwa, Scopus ndogo, na Web of Science ndogo zaidi?

Kwa sababu kila moja inahesabu ndani ya ghala lake. Google Scholar inazoa karibu kila kitu chenye sura ya kitaaluma kilichoko mtandaoni: makala, tasnifu za wanafunzi, ripoti za mashirika, vitabu, rasimu ambazo hazijapitiwa na mtu yeyote. Scopus, iliyoanzishwa na kampuni ya uchapishaji ya Elsevier mwaka 2004, ina kamati inayochagua majarida ya kuingiza. Web of Science, ambayo sasa ni mali ya kampuni ya Clarivate, nayo inachagua, na unachokiona kinategemea sehemu ambazo chuo chako kimelipia.

Kwa hiyo tasnifu ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu Mzumbe iliyokurejelea mara tatu inakuongezea rejeleo Google Scholar, na Scopus haijui kama ipo. Hakuna kanzidata inayosema uongo hapo. Mwenye kudanganya ni anayeandika "h = 19" bila kutaja ameitoa wapi.

h nzuri ni ngapi?

Swali hili huulizwa kuliko mengine yote, na halina jibu la namba moja. Hirsch alikadiria kwamba katika vyuo vikubwa vya utafiti, h ya takriban 12 ingemfaa mtu anayepanda kuwa profesa mshiriki, na 18 profesa kamili. Watu hunukuu takwimu hizo wakasahau kwamba alizungumzia fizikia, tena ya Marekani. Ukiyachukua makadirio hayo ukampimia mwanahisabati au mtaalamu wa fasihi, umemwonea. Ukimpimia mtafiti wa malaria, pengine umempendelea.

Umri wa kitaaluma nao una uzito wake. h haishuki kamwe, hata mtu akiacha kazi akaenda kulima. Anayechapisha tangu 1990 na aliyeanza 2018 hawawezi kusimama kwenye mstari mmoja. Angalau gawanya h kwa miaka tangu chapisho la kwanza, ndipo uwalinganishe walio kwenye fani moja.

Kwa nini fani zinatofautiana kiasi hicho?

Kuna sababu kama nne, na zinafanya kazi kwa pamoja.

Kwanza, urefu wa orodha ya marejeo. Makala ya tiba au baiolojia ya molekuli hubeba marejeo mengi. Ya hisabati hubeba machache. Kila rejeo linaloandikwa ni pointi kwa mtu fulani, hivyo fani inayoandika mengi inagawa pointi nyingi.

Pili, idadi ya watu walioko kwenye fani. Jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S lilifanyika katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, vikiwemo Bagamoyo na Korogwe kwa Tanzania, na Kilifi, Kombewa na Siaya kwa Kenya, likihusisha watoto zaidi ya 15,000. Matokeo yake yanasomwa na kila anayeshughulika na chanjo hiyo duniani. Mwenzao wa idara ya hisabati anayechunguza aina fulani ya vikundi vya aljebra pengine ana wasomaji wachache mno, nao wote ni wataalamu wazito.

Tatu, kasi. Katika tiba, makala huanza kurejelewa ndani ya miezi. Katika hisabati au historia inaweza kukaa miaka kadhaa kimya kabla mtu hajaigusa.

Nne, mahali kazi zinapochapishwa. Watu wa kompyuta hutoa kazi zao bora kwenye makongamano. Wanahistoria na watu wa fasihi huandika vitabu, na kanzidata hizi zilijengwa kwa ajili ya majarida. Vitabu vinashikwa kwa shida. Kuna profesa wa historia ambaye kitabu chake kimesomeshwa darasani kizazi kizima, na ukimtafuta Scopus unakuta makala mbili za ujanani.

Hata ndani ya sayansi zenyewe, kurejelewa sana hakufuati ukubwa wa ugunduzi. Makala iliyorejelewa kuliko zote katika historia ya Web of Science ni ya Oliver Lowry na wenzake ya mwaka 1951, inayoeleza namna ya kupima kiasi cha protini kwenye myeyuko. Imevuka marejeleo 300,000. Ni mbinu ya maabara, basi. Kila aliyeitumia alilazimika kuitaja. Jarida la Nature lilipotoa orodha ya makala 100 zilizorejelewa zaidi mwaka 2014, ile ya Watson na Crick ya 1953 kuhusu umbo la DNA haikuwemo.

Kuna namna ya kulinganisha watu wa fani mbili kwa haki?

Ipo ya kukaribia haki. Unachukua kila makala, unagawa marejeleo yake kwa wastani wa marejeleo ya makala za fani hiyo hiyo, za mwaka huo huo na za aina hiyo hiyo. Ukipata 1, makala iko sawa na wastani wa dunia. Ukipata 2, imerejelewa mara mbili ya wastani. Hapo mwanahisabati mwenye marejeleo 12 anaweza kumshinda daktari mwenye 30, na ndivyo inavyostahili. Kasoro ni mbili: mtu lazima aamue makala iko fani gani, jambo gumu kwa utafiti unaochanganya, mfano, afya na hali ya hewa; na makala moja iliyolipuka inaweza kuuvuta wastani wa mtu mwenye kazi chache.

Nina makala moja tu inayojulikana. Je, sina thamani?

Muulize Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, wilaya ya Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Kawaida maziwa yenye sukari yakishachemka hupozwa kwanza kabla ya kuingizwa kwenye friza. Nafasi kwenye friza ilikuwa ya kugombea, akaamua kuyaingiza ya moto vile vile. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyowekwa bila kuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa, na darasa likamcheka. Alipofika Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyetoka Dar es Salaam kuja kuwahutubia. Osborne hakucheka, alirudi akajaribisha. Mwaka 1969 wakachapisha makala kwa pamoja kwenye jarida la Physics Education. Mpemba baadaye akafanya kazi ya wanyamapori.

Mwenye makala moja hawezi kuwa na h inayozidi 1, hata irejelewe na dunia nzima. Ndivyo hesabu ilivyo. Wakati huo huo wanafizikia bado wanaandika kuhusu "athari ya Mpemba", siku hizi hata kwenye mifumo ya kikwanta, na jina limezoeleka kiasi kwamba anayelitumia si lazima airejelee makala ya 1969. Jambo likishakuwa mali ya wote, mashine ya kuhesabu hailioni tena.

Na kuna la ziada. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha utafiti wakisema hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto huganda haraka zaidi. Nao wanairejelea makala ya Mpemba, na rejeleo la kupinga linahesabiwa sawa na la kusifu: moja.

Naandika kwa Kiswahili. Mbona sionekani?

Kwa sababu kanzidata hizo zinapendelea Kiingereza. Jarida liitwalo Kiswahili, la TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili), Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lina historia ndefu kuliko majarida mengi yanayoringa leo, na jarida la Mulika nalo lipo. Lakini wengi wanaokurejelea wanachapisha mahali ambapo Scopus haifiki, kwa hiyo hata ukirejelewa sana hesabu inabaki sifuri.

Hii haimaanishi uhamie Kiingereza. Ukiandika kuhusu ushairi wa Lamu au sarufi ya Kimakunduchi, wasomaji wako wako hapa. Yafuatayo yanasaidia: ikisiri ya Kiingereza chini ya ile ya Kiswahili, namba ya DOI (kitambulisho cha kudumu cha makala mtandaoni) kama jarida linatoa, nakala kwenye hifadhi ya chuo, na kuhakikisha jarida lipo AJOL, ile maktaba ya mtandaoni ya majarida ya Afrika iliyoanza 1998. Kwenye maombi ya cheo, taja tasnifu zilizotumia kazi yako na mitaala iliyoiweka kama kiada. Kamati makini huyasoma hayo. Isiyo makini utaikumbusha kwa barua.

Makala zangu zimegawanyika kwa watu wawili watatu. Nifanyeje?

Tatizo la majina hili ni letu hasa. Mtu mmoja ameandika Mohamed kwenye makala ya kwanza, Mohammed kwenye ya pili kwa sababu mhariri "alisahihisha", na Muhammad kwenye pasipoti. Jina la babu mara lipo, mara limekuwa herufi moja. Mwingine ameolewa katikati ya uzamivu akabadili jina. Kanzidata inamwona kila mmoja wao kama mtu mpya.

Dawa ni ORCID: namba ya tarakimu 16, katika makundi manne ya tarakimu nne, unayojisajilia bure na kubaki nayo hata ukihama chuo au kubadili jina. Ilianza kutolewa Oktoba 2012. Iweke kwenye kila makala unayowasilisha. Kisha nenda Scopus uombe wasifu wako uunganishwe. Google Scholar unairekebisha mwenyewe, na hapo angalia pia upande wa pili: ina tabia ya kukupachika makala za watu wenye jina kama lako. Nimeona mhadhiri wa elimu akiwa na makala za upasuaji wa moyo. Zifute mwenyewe, usisubiri mjumbe wa kamati akuulize.

Mpangilio wa waandishi unahesabiwa?

Google Scholar na Scopus hazijali. Mwandishi wa kwanza na wa arobaini wanapata rejeleo sawa. Binadamu wanajali, na kila fani ina desturi yake. Kwenye tiba na baiolojia, wa kwanza ndiye aliyefanya kazi kubwa na wa mwisho ndiye kiongozi wa kundi. Kwenye hisabati, na mara nyingi uchumi, majina hupangwa kwa alfabeti, hivyo mwenye jina linaloanza na Z hana la kulalamika.

Halafu kuna fizikia ya chembe. Mwaka 2015 makundi mawili ya CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, yalitoa makala ya pamoja kuhusu uzito wa chembe ya Higgs ikiwa na waandishi 5,154. Kurasa 9 zilieleza utafiti, kurasa 24 zilijaa majina. Kila mmoja wao ana haki ya kuiweka kwenye wasifu. Kulinganisha h ya mtu huyo na ya anayeandika peke yake ni kupoteza muda.

Kujirejelea ni kosa?

Hapana. Ukiendeleza kazi yako ya mwaka jana, utaitaja. Tatizo ni kiasi. Scopus inakuruhusu kuondoa marejeleo ya mwandishi mwenyewe ukaona h inayobaki; fanya hivyo kabla wengine hawajakufanyia. Ikishuka kidogo, hakuna neno. Ikishuka nusu, jiandae kujieleza.

Je, namba hizi zinaweza kuchezewa?

Kirahisi. Mwaka 2010 Cyril Labbé, mtafiti wa kompyuta wa Grenoble, Ufaransa, alimtunga mwanasayansi asiyekuwepo, akampa jina Ike Antkare. Alizalisha makala za uongo kwa programu, zote zikirejeleana, akaziweka mtandaoni. Google Scholar ikampa Antkare h ya 94, juu ya ya Einstein. Mwaka 2024 Reese Richardson na Nick Wise walirudia mchezo huo kwa paka wa bibi yake Richardson, aitwaye Larry: makala 12 za upuuzi, zikarejelewa na nyingine za upuuzi, Larry akapata h ya 11. Walitaka kuonyesha jinsi biashara ya kuuza marejeleo inavyofanya kazi, maana kweli yanauzwa.

Hata walio makini wanahangaika. Clarivate, inayotoa kila mwaka orodha ya watafiti wanaorejelewa sana, iliiondoa hisabati yote kwenye orodha ya 2023, kwa sababu marejeleo kwenye fani hiyo ni machache kiasi kwamba kikundi kidogo cha kurejeleana kinatosha kuyapindua matokeo.

Impakti fakta ya jarida inasema nini juu yangu?

Kidogo sana. Eugene Garfield, baba wa kanzidata hizi tangu Philadelphia ya miaka ya 1960, alihitaji njia ya kupanga majarida, na wakutubi tukaipenda kwa kuchagua ya kununua. Ya mwaka 2024 inapatikana hivi: marejeleo ya mwaka 2024 kwa vitu vilivyochapishwa 2022 na 2023, ukigawa kwa idadi ya makala za miaka hiyo miwili. Makala 120 zenye marejeleo 300 zinatoa 2.5. Lakini kwa kawaida makala chache ndizo zinazobeba mzigo, na nyingi ziko chini ya wastani. Huenda yako ni ya chini, huenda ni ya juu kabisa. Wastani haukwambii.

Tamko la San Francisco, DORA, lililotolewa 2013, lilisema wazi kwamba kipimo cha jarida kisitumike kumpima mtu katika ajira na vyeo. Vyuo vingi vinalipongeza tamko hilo kwenye semina, kisha fomu ya maombi inauliza impakti fakta kwenye ukurasa wa pili.

Chuo kimetangaza kwamba fulani yumo kwenye "asilimia 2 ya Stanford". Ni tuzo?

Si tuzo, na si Stanford kama chuo. Ni jedwali linaloandaliwa na John Ioannidis wa Stanford na wenzake, kwa data za Scopus, tangu 2019. Kwa kweli ni kazi nzuri kuliko mabango yanayoitangaza. Badala ya h peke yake, inaunganisha vipimo sita, vikiwemo marejeleo ya makala ulizoandika peke yako, au ukiwa wa kwanza au wa mwisho. Inawapanga watu katika fani kuu 22 na fani ndogo 174. Na inaonyesha hali pamoja na kujirejelea na bila kujirejelea. Hivyo mwanahisabati anashindana na wanahisabati.

Ukisoma bango, uliza ni jedwali lipi: la maisha yote ya kazi au la mwaka mmoja? Hayo mawili yanatofautiana sana, na mabango mengi hayasemi. Kisha fungua jedwali lenyewe, ni la bure, utafute jina.

Nimepokea barua pepe ya jarida linalochapisha ndani ya siku saba. Nikubali?

Usikubali. Hakuna anayeweza kutafuta wapitiaji, wakasoma, ukarekebisha, wakasoma tena, ndani ya wiki. Wakikusifu kwa makala ambayo haihusiani na fani yao, na kukutajia "impakti fakta" ya kampuni usiyowahi kuisikia, futa. Ukishalipa na kuchapisha huko, kuitoa ni kazi ngumu, na inakaa kwenye jina lako.

Niandikeje takwimu zangu kwenye wasifu?

Mstari mmoja unatosha, ukiwa kamili: "Hadi 30 Juni 2025: makala 14, marejeleo 160 bila kujirejelea, h 7, chanzo Scopus, chapisho la kwanza 2014." Tarehe, chanzo, umri wa kitaaluma, vyote vimo. Kisha chagua makala tatu hadi tano, na chini ya kila moja andika sentensi mbili: ulifanya nini wewe mwenyewe, na nani ameitumia. Kama mwongozo wa wizara uliitaja, andika na ukurasa. Kama mwenzako wa Maputo au Kisangani alirudia utafiti wako akapata matokeo yale yale, hilo nalo liandike.

Mnaweza kunitolea ripoti ya Scopus?

Ndiyo. Njoo na namba yako ya ORCID na orodha ya machapisho yako yote kama ulivyoyaandika, pamoja na kila namna jina lako lilivyowahi kuandikwa. Usije siku ya mwisho ya kuwasilisha: kuunganisha wasifu Scopus kunapitia mikononi mwao, wala hatuna namna ya kuwaharakisha.